Lubumbashi: Skrini tatu za michezo kwa feza kidogo, anza na umeme

LUBUMBASHI – Ni meza ambayo mpenzi wa michezo ya kompyuta anaiona kwenye simu yake karibu kila siku: skrini tatu zimepangwa kama nusu duara, usukani uko katikati, na barabara inaonekana mbele, kushoto na kulia. Kwa kijana wa Katuba, Ruashi au Kampemba, picha hiyo inaonekana kuwa ya watu wa mbali wenye feza nyingi. Sivyo kabisa. Skrini za ofisi zilizotumiwa, zile tunazoita ekra za okazyo, zinauzwa hapa mjini kwa bei ya chini sana ukilinganisha na mpya.

Lakini hapo ndipo wengi wanaponaswa. Mtu anaona skrini rahisi, anakusanya feza yake miezi kadhaa, ananunua tatu kwa siku moja na kuzibeba nyumbani. Akifika anagundua kwamba kompyuta yake ina tundu moja tu la picha. Au matundu yapo, lakini mchezo unatembea kama kobe. Au kila kitu kimekubali, kisha siku ya tatu umeme unakatika, unarudi kwa nguvu kupita kiasi, na skrini mbili zinanyamaza moja kwa moja.

Katika mpango huu, skrini ndizo za mwisho kununuliwa. Kwanza umeme, pili kadi ya picha, tatu skrini. Anayefuata mpangilio huo anaweza kufika kwenye skrini tatu pole pole bila kupoteza feza. Anayeugeuza analipa mara mbili.

Skrini tatu ni za michezo gani?

Kabla ya kutoa hata franka moja, jiulize unacheza nini. Skrini tatu zinasaidia michezo ambayo mchezaji anahitaji kuona pembeni: magari ya mashindano, malori na ndege. Euro Truck Simulator 2, mchezo wa malori uliotoka mwaka 2012 katika Jamhuri ya Czech, ni mfano mzuri, na katika mji ambao malori yanapita usiku na mchana kuelekea Kasumbalesa, hakuna haja ya kueleza kwa nini dereva anataka kuona vioo vyote viwili. Assetto Corsa, mchezo wa magari wa Italia, una sehemu yake maalumu ya kupanga skrini tatu. Microsoft Flight Simulator nao unapendeza sana ukiwa na upana.

Mpira wa miguu ni habari nyingine. Kamera ya mchezo wa mpira inaangalia uwanja kutoka juu, na skrini za pembeni haziongezi chochote cha maana. Anayecheza mpira peke yake afadhali anunue skrini moja nzuri, au televizyo ya inchi 40 hivi, na feza inayobaki aiweke kwenye umeme.

Wenye PlayStation 4 au 5 pia wajue kwamba mashine hizo zina tundu moja tu la HDMI. Hazitoi picha tatu tofauti. Habari hii ya skrini nyingi ni ya watu wa kompyuta.

Kuna pia wanaofikiri kwamba skrini tatu kwenye kompyuta moja zitawapa wateja watatu katika chumba cha michezo. Hapana. Skrini tatu zinampa mchezaji mmoja picha moja pana. Mwenye chumba cha biashara anayetaka wachezaji watatu kwa wakati mmoja, kila mtu na mchezo wake, anahitaji mashine tatu.

Umeme kwanza

Mji wetu unategemea umeme unaotoka mbali. Mabwawa ya Katanga, kama Nzilo, N'Seke, Koni na Mwadingusha, yanatoa sehemu. Sehemu nyingine inatoka Inga, upande wa pili wa nchi, kwa laini ya kilomita kama 1.700 inayofika Kolwezi na iliyoanza kazi mwaka 1982. Migodi nayo inakunywa umeme mwingi. Kila mkaaji wa Lubumbashi anajua matokeo yake: delestaje, umeme dhaifu wakati wa jioni, na ule mshtuko wa umeme unaporudi.

Mshtuko huo ndio adui wa kwanza wa vifaa. Skrini iliyozimwa kwa kitufe lakini bado iko kwenye prizi inaweza kuungua umeme unaporudi kwa nguvu. Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika tano au kumi, angalia kama taa za nyumba zimetulia, kisha rudisha. Wakati wa mvua, kati ya mwezi wa 11 na mwezi wa 4, radi zinaongeza hatari. Mvua ikianza kunguruma, chomoa kila kitu, pamoja na waya wa intaneti kama unao.

Baada ya tabia hiyo, ambayo ni ya bure, nunua kinga. Regulateri inasaidia pale ambapo umeme unapanda na kushuka. Onduleri yenye betri ndani inasaidia zaidi kwa sababu inakupa nafasi ya kufunga mchezo na kuzima kompyuta bila kuharibu diski. Usitegemee kucheza kwa onduleri ndogo. Hesabu yake ni hii: onduleri ya VA 650 inabeba wati 360 hadi 390 hivi, na betri yake ya kawaida ni ya volti 12 na saa-ampea 7. Zidisha: 12 mara 7 ni wati-saa 84. Meza ya skrini tatu inayokula wati 200 ingekaa dakika 25 kwenye karatasi. Nyumbani, kwa sababu betri ndogo inachoka haraka ikivutwa kwa nguvu, hesabu dakika kumi tu, pengine tano kama betri ni ya zamani.

Anayetaka kucheza wakati wa delestaje anahitaji betri kubwa na kigeuza-umeme. Betri ya volti 12 na saa-ampea 100 ina wati-saa 1.200. Kama ni betri ya risasi, usiitumie zaidi ya nusu, la sivyo utaiua kabla ya mwaka kwisha. Zinabaki wati-saa 600, yaani saa mbili na nusu hivi za kucheza kwa wati 200 ukiondoa kinachopotea njiani. Ukizima skrini mbili za pembeni, unaongeza dakika nyingine.

Jambo la mwisho kuhusu umeme ni vichwa vya nyaya. Vifaa vinavyotoka Ulaya vina miguu miwili ya duara, inayoingia vizuri kwenye prizi zetu. Vinavyotoka Dubai au kupitia Zambia mara nyingi vina miguu mitatu ya bapa. Usikate kichwa ukafunga waya kwa mkono. Nunua waya mwingine: ule wa nyuma ya skrini ni wa aina moja karibu kwa skrini zote za ofisi na ni rahisi kuupata. Usichomeke pia skrini tatu, kompyuta, spika na pasi ya nguo kwenye multiprizi moja dhaifu. Ikipata moto ukiigusa, tayari inakuonya.

Kadi ya picha

Picha ya skrini imejengwa kwa nukta ndogo zinazoitwa pikseli. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2.073.600. Skrini tatu za aina hiyo zina pikseli 6.220.800. Maana yake, kadi iliyokuwa inachora picha moja sasa inapaswa kuchora mara tatu, na mara nyingi kwa sekunde. Mchezo uliokuwa unakimbia kwa picha 60 kwa sekunde unaweza kushuka hadi 20 na kitu. Hapo ndipo mtu anasema skrini ni mbovu, kumbe ni kadi inayozidiwa.

Kucheza kwa skrini tatu si jambo jipya. Kampuni ya Matrox ya Kanada ilitoa kadi ya kazi hiyo, Parhelia, mwaka 2002. Mwaka 2009 AMD ilileta Eyefinity kwenye kadi zake za Radeon. NVIDIA ilifuata na mpango wake wa Surround, na mwaka 2012, kwa kadi ya GTX 680, kadi moja tu iliweza kuendesha skrini nne. Kwa mwenye mfuko mwepesi hii ni habari njema: huhitaji kadi ya mwaka huu. Kadi za okazyo zenye miaka kadhaa zinajua kazi hii.

Tatizo la hapa ni kwamba kompyuta nyingi za bei nafuu ni zile za ofisi, Dell OptiPlex na HP za namna hiyo, zilizotumiwa kwanza Ulaya. Chanzo chake cha umeme ni kidogo, pengine wati 240, na mara nyingi hakina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Usinunue kadi kubwa inayodai waya huo, hata kama bei inavutia. Tafuta inayojilisha kutoka kwenye ubao wenyewe, yaani isiyozidi wati 75. GTX 750 Ti ya mwaka 2014 inakula wati 60. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 inakula wati 75, na GTX 1650 ya mwaka 2019 iko kwenye kiwango hicho hicho. Uliza pia kama kasha la kompyuta yako ni jembamba, maana hapo utahitaji kadi fupi. Pima kwa rula kabla ya kwenda mjini.

Kadi hizo si za miujiza. Kwa skrini tatu zitaendesha malori na magari ya michezo ya zamani kidogo ukishusha mipangilio ya picha: vivuli chini, miti ya mbali chini. Michezo mipya mizito itazishinda.

Kwa asiye na kadi kabisa, kuna njia ya kuanzia. Kompyuta zenye prosesa za Intel Core za kizazi cha tatu, zilizotoka mwaka 2012, zinaweza kuendesha skrini tatu bila kadi mradi matundu yawepo. Za kizazi cha pili zinaishia mbili. Hii haitoshi kwa michezo mikubwa, ila inatosha kujifunza kupanga skrini na kufanya kazi.

Kuchagua ekra ya okazyo

Sasa ndipo tunafika kwenye skrini. Hapa pia kuna akili ya kutumia. Si lazima ziwe za 1920 kwa 1080. Zile skrini za zamani zinazokaribia mraba, za inchi 17 au 19 na zenye pikseli 1280 kwa 1024, zinadharauliwa sokoni kwa sababu filamu hazijai vizuri ndani yake. Ukizipanga tatu unapata upana wa pikseli 3840 kwa urefu wa 1024, na jumla yake ni pikseli 3.932.160, chini ya mara mbili ya skrini moja ya kisasa. Kadi ndogo inapumua, na bei inashuka.

Upande mwingine wa mizani ni umeme. Skrini nyingi za zamani zinamulikwa na mirija midogo ya taa, na moja ya inchi 22 inaweza kula wati 45. Skrini ya LED ya ukubwa huo inakula kama 22. Tatu za zamani ni wati 135, tatu za LED ni wati 66. Kwa saa nne kila siku, tofauti inafika kilowati-saa 8 kwa mwezi. Mwenye konteri ya kulipia mbele ataiona. Kama bei zinakaribiana, chukua LED. Nyuma ya skrini kuna karatasi inayoonyesha volti na ampea. Isome, na hakikisha imeandikwa volti 100 hadi 240.

Usinunue skrini iliyozimwa, wala usikubali neno kwamba ilikuwa inafanya kazi jana. Nenda mchana, pamoja na laptopu na waya wako, na ufanye yafuatayo:

– Washa skrini na uiache ifanye kazi dakika 20 au 30. Nyingi zenye ugonjwa zinaanza vizuri, kisha zinazima zikipata joto.

– Tayarisha kwenye laptopu picha tano za rangi moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Zijaze kwenye skrini moja baada ya nyingine. Nukta iliyokufa itaonekana. Nukta moja pembeni si neno, lakini mstari mzima unaokata skrini ni dalili ya kuharibika, na hautengenezeki kwa urahisi.

– Angalia kama mwanga ni sawa pande zote au umegeuka manjano upande mmoja.

– Bonyeza vitufe vyote, na tikisa kidogo waya kwenye kila tundu. Picha ikipotea, tundu limelegea.

– Kama skrini inawaka na kuzima, au inachelewa kuwaka, mara nyingi ni kondensateri zilizovimba ndani. Fundi mzuri wa televizyo anazibadilisha kwa bei ndogo. Tumia kasoro hiyo kushusha bei, kama fundi unamjua. Usifungue mwenyewe, maana umeme unabaki ndani hata baada ya kuchomoa.

Jitahidi skrini zote tatu ziwe za aina moja, au angalau ukubwa mmoja na pikseli sawa. Kwa kazi za kawaida kompyuta inakubali skrini zinazotofautiana. Kwa mchezo unaotawanyika juu ya skrini tatu, mpango wa Surround wa NVIDIA unataka pikseli zinazolingana, na hata macho yako yatachoka kama barabara inapanda na kushuka kila inapovuka fremu. Wauzaji wanaopokea mizigo ya ofisi mara nyingi wana skrini za aina moja nyingi pamoja. Ukipata moja nzuri, uliza kama zipo ndugu zake, na andika namba ya aina yake.

Nyaya: mahali feza inapopotelea

Makosa ya bei ndogo, lakini ya kuudhi, yanafanyika hapa. La kwanza ni kununua kigawanyaji cha HDMI, kile kisanduku chenye mlango mmoja wa kuingia na miwili ya kutoka. Kinarudia picha ile ile kwenye skrini zote. Kinafaa katika baa inayoonyesha mechi ya TP Mazembe. Kwa mchezo wa skrini tatu hakisaidii kitu.

La pili ni adapta ya USB inayotoa picha. Inafanya kazi kwa barua na hesabu, lakini picha inapita kwanza kwenye prosesa na inachelewa. Katika mchezo wa magari utagonga ukuta kabla ya kuuona.

La tatu linahusu VGA, lile tundu la bluu lenye pini 15. Skrini nyingi za zamani zina hilo peke yake, au pamoja na DVI. Kadi kama GTX 1050 Ti hazitoi tena VGA, hata kupitia tundu lake la DVI. Kiunganishi kidogo cha plastiki hakitasaidia. Inahitajika adapta inayogeuza picha kwa umeme, na moja kwa kila skrini. Kadi za kale kidogo mara nyingi bado zinakubali VGA kwa kiunganishi rahisi. Kwa hiyo, kabla ya kununua skrini, chora kwenye karatasi matundu ya kadi upande mmoja na matundu ya skrini upande wa pili, kisha unganisha kwa mstari. Mstari usiokamilika ni gharama inayokungoja.

La nne ni kwa wenye Radeon za zamani, zile za mwanzo za Eyefinity: skrini ya tatu lazima ipitie tundu la DisplayPort, moja kwa moja au kwa adapta yenye nguvu yake. Wengi wamezirudisha kwa muuzaji wakidhani ni mbovu, kumbe ndivyo zilivyotengenezwa.

Stendi ya seremala

Stendi ya kiwandani ya skrini tatu inaweza kukugharimu kuliko skrini zenyewe. Hapa mafundi wetu wanaweza kuokoa feza nyingi. Skrini nyingi zina matundu manne ya skrubu mgongoni, yamepangwa kwa mraba wa milimita 100 kwa 100, au 75 kwa 75 kwa zile ndogo. Skrubu zake ni za M4. Kwa vipimo hivyo, seremala anaweza kutengeneza ubao wenye mabawa mawili, au fundi wa kuchomelea akatumia mabomba ya chuma.

Mwelekeze hivi: skrini ya kati inakaa sawa mbele ya uso, za pembeni zinakunjwa ndani kati ya digrii 45 na 60 ili zote ziwe umbali mmoja na macho. Sehemu ya juu ya skrini iwe karibu na usawa wa macho ukiwa umeketi. Weka bawaba ili pembe ziweze kubadilishwa. Acha nafasi nyuma ya sentimita kadhaa kwa ajili ya hewa na nyaya. Na meza iwe nzito, kwa sababu usukani unatikisa.

Kuziunganisha

Baada ya kufunga nyaya, washa skrini kwanza, kisha kompyuta. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua “Étendre”. Fungua mipangilio ya skrini, vuta vile vijisanduku vyenye namba hadi vifanane na meza yako, ili kipanya kitoke skrini ya kushoto na kuingia ya kati bila kuruka. Ifanye ya kati kuwa skrini kuu.

Kwa Assetto Corsa unaingia kwenye mipangilio ya picha ya mchezo wenyewe na kuchagua skrini tatu. Kwa michezo mingine unaziunganisha kwanza kuwa skrini moja pana, kupitia Eyefinity kwenye programu ya AMD au Surround kwenye programu ya NVIDIA. Programu hizo zitakuuliza pia upana wa fremu zinazotenganisha skrini. Jibu vizuri, maana ndivyo barabara inavyopita nyuma ya fremu kama inavyopita nyuma ya nguzo ya gari, badala ya kukatika.

Kama picha zinakwama, usikimbilie kununua kadi nyingine. Shusha kwanza vivuli, kisha umbali wa kuona, kisha pikseli. Mara nyingi mchezo unarudi kutembea.

Kugawa feza

Bei za sokoni zinabadilika, na dola inapanda na kushuka mbele ya franka. Kwa hiyo badala ya bei, tunashauri mgawo. Kama kompyuta unayo tayari, kwa kila dola 10 ulizotenga, weka 2 kwenye kinga ya umeme, 4 kwenye kadi, 3 kwenye skrini na 1 kwenye nyaya na stendi.

Tuseme kijana wa Kamalondo ametenga dola 300. Atakuwa na 60 za umeme, 120 za kadi, 90 za skrini na 30 za nyaya na seremala. Kwa 90, tukichukulia kwa mfano skrini moja ni dola 45, atapata mbili tu. Na hilo si kosa. Skrini mbili zinamtosha kwa miezi ya kwanza: mchezo kwenye moja, na ramani, ujumbe wa marafiki au somo kwenye ya pili. Asiutawanye mchezo wa magari juu ya mbili, kwa sababu fremu itakaa katikati kabisa ya barabara. Ya tatu itakuja, na kadi yake tayari itakuwa na nguvu ya kuipokea.

Mwenye laptopu anaweza kuanza kwa kidogo zaidi: skrini moja ya okazyo na waya wa HDMI, tayari ana mbili.

Wazazi nao wasikasirike haraka. Skrini mbili au tatu si za michezo tu. Mwanafunzi wa UNILU anayechora ramani au mashine anafungua mchoro upande mmoja na kitabu upande wa pili. Anayehariri video za arusi anaona picha yote bila kufunga na kufungua madirisha. Anayefanya hesabu za duka analinganisha karatasi mbili kwa wakati mmoja. Kijana anayeonyesha kwamba meza yake inaweza kuingiza feza mchana, atasikilizwa kwa urahisi anapoomba kucheza usiku.

Siku skrini ya zamani inapokufa, usiivunje wala kuitupa mtoni au kwenye jalala ambapo watoto wanacheza. Mirija ya taa ndani ya zile za zamani ina zebaki kidogo, ambayo ni sumu. Mpelekee fundi, atachukua ubao, vitufe na stendi kwa kutengeneza nyingine.

Kwa anayetaka kuanza juma hili, kazi ya kwanza haina gharama. Geuza kompyuta yako, hesabu matundu ya picha, soma wati za chanzo chake cha umeme, na uandike kwa siku saba saa ambazo umeme unakatika mtaani kwako. Karatasi hiyo moja itakuambia nini cha kununua kwanza, na nini cha kuacha dukani.